Kivu Kaskazini: Riwaya kwenye simu yavuka vizuizi vya Masisi na Walikale, faranga za mwandishi zakwama njiani

Mwandishi wa riwaya aliye Masisi au Walikale anaweza leo kutoa kitabu chake bila mchapishaji, bila karatasi na bila kungoja barabara ifunguliwe. Anahitaji simu, paneli ya jua ya kuishaji, na rezo ya saa chache. Njia hiyo ilifunguka kwa wengi mwaka 2007, wakati kampuni ya Amazon ya Marekani ilipoanza kuuza vitabu vya Kindle na kuruhusu waandishi kuweka kazi zao wenyewe sokoni.

Hata hivyo, mambo yaliyowakuta waandishi walioijaribu njia hiyo kwa mara ya kwanza, huko Marekani na Nigeria, yanaonyesha kwamba kutoa kitabu ndiyo sehemu rahisi. Kwa raia wa teritware hizi mbili za Kivu Kaskazini, ugumu unaanza siku ya kulipwa.

Hadithi zinazochapishwa mbali

Masisi-kati iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo. Walikale-kati ilitekwa Machi, kisha wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Benki za Goma zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Katika hali hiyo, katoni ya vitabu kutoka Kinshasa haina njia ya uhakika ya kufika Masisi, wala riwaya iliyoandikwa Walikale haina njia ya kufika kwenye mtambo wa kuchapia.

Tatizo lenyewe ni la kale kuliko vita hii. Kazi ya fasihi ya Walikale inayojulikana zaidi duniani ni utenzi wa Mwindo wa Wanyanga. Mtambaji Candi Rureke aliusimulia kwa Kinyanga mwaka 1956. Ulitoka kama kitabu mwaka 1969, kupitia chuo kikuu cha California huko Marekani, chini ya majina ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Riwaya za Wakongomani wa leo zinafuata njia hiyohiyo: *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila na *Congo Inc.* ya In Koli Jean Bofane, zote za mwaka 2014, zilitolewa na wachapishaji wa Ufaransa.

Kwa anayeandika akiwa katikati ya vita, kuna faida nyingine isiyohusu soko. Daftari linabaki nyumbani mtu anapokimbia usiku, na mara nyingi halionekani tena. Faili iliyotumwa kwa barua pepe inamngojea mwenyewe popote atakapofika. Riwaya ya maneno 60,000 bila picha haifiki hata megabaiti moja, nayo inapita kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu hata mahali ambapo rezo imekatwa.

Hesabu ya dola moja

Tuchukue mwandishi anayeweka riwaya yake Amazon kwa dola 1, bei ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuifikiria. Kwa bei iliyo chini ya dola 2.99, kampuni humpa mwandishi asilimia 35 tu, yaani senti 35. Mgawo wa asilimia 70 ni wa vitabu vya kati ya dola 2.99 na 9.99, tena kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa. Serikali ya Marekani nayo inakata kodi ya asilimia 30 kwenye mapato yanayopatikana humo, kwa mwandishi ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo. RDC haina. Senti 35 zinabaki kama senti 24 na nusu, na malipo yanatoka takriban miezi miwili baada ya mwezi wa mauzo.

Kisha inakuja benki. Amazon hailipi kwa M-Pesa, Airtel Money wala Orange Money, na msomaji naye kwa kawaida huhitaji kadi ya benki ili anunue. Kwa hiyo kitabu kilichotolewa Masisi kupitia mlango huo kinaweza kusomwa na jamaa aliye Brussels au Montréal, lakini si na jirani wa mwandishi.

Lugha pia ni kikwazo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na RDC iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Walakini kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwemo katika orodha ya lugha ambazo Amazon inapokea kwa vitabu vya Kindle. Anayetaka soko hilo anasukumwa kuandika Kifaransa au Kiingereza, na hapo anawaacha wasomaji wa Sake, Nyabiondo na Mubi.

Soko la WhatsApp

Njia ya pili ni ya karibu zaidi: mnunuzi anatuma pesa kwa simu, mwandishi anamtumia faili kwa WhatsApp. M-Pesa iliingia RDC mwaka 2012, na wenye kabine wanafika hata mahali ambapo benki haijawahi kufika. Mwandishi anapokea karibu bei nzima, siku hiyohiyo. Lakini faili moja ikiingia katika grupu la watu mia mbili, mauzo yamekwisha.

Stephen King, tajiri na maarufu, aliliona hilo mwaka 2000. Alitoa riwaya yake *The Plant* sehemu kwa sehemu kwenye intaneti na kuomba, kwa sehemu za kwanza, dola 1 kwa kila moja, kwa kuwaamini wasomaji. Mwanzoni zaidi ya robo tatu walilipa. Baadaye walipungua chini ya nusu, na Desemba mwaka huo akasimamisha baada ya sehemu ya sita.

Nigeria ilijaribu kujenga duka lake. OkadaBooks ilianza 2013, ikiruhusu waandishi kuuza vitabu kupitia simu. Ilifunga mwishoni mwa Novemba 2023. Fundisho ni kwamba mwandishi asiache kazi yake katika duka moja tu, hata likiwa la nyumbani.

Tanzania inatoa mfano unaofanana zaidi na maisha ya Kivu. Eric Shigongo alipata wasomaji wengi kwa hadithi za mfululizo katika magazeti yake, miaka kabla ya simu janja kuenea. Msomaji aliyeachwa kwenye kilele cha kisa hununua toleo la wiki ijayo. Kwenye simu mtindo huo una maana ileile: bei ya sehemu moja ni ndogo, na anayelipa anapata mwendelezo kabla ya wengine. Wizi hauishi, ila unapungua makali, kwa sababu faili iliyosambazwa jana haina sura ya leo.

Jina kwenye ujumbe

Swali zito zaidi ni la usalama. Riwaya kuhusu Masisi ni vigumu ikose makundi yenye silaha, machimbo, mashamba na kabila. Amazon inamruhusu mwandishi kutumia jina la bandia. Malipo ya simu hayampi kinga hiyo, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho huonyesha jina lililoandikishwa kwenye laini. Njia inayomlipa haraka ndiyo inayomtambulisha. Na msomaji anayebeba faili hiyo kwenye simu anapita nayo kwenye vizuizi vilevile.

Sheria ya haki za mwandishi ya Aprili 1986 ingali inatumika, na shirika la SOCODA lipo tangu 2011. Lakini kudai haki kunahitaji mahakama inayofanya kazi, na mwandishi wa Masisi hana pa kuanzia.

Kwa sasa, njia yenye nafasi zaidi ni ya mchanganyiko: sehemu fupi kwa Kiswahili kwa wasomaji wa karibu, kitabu kizima kwa walio ng'ambo, na nakala ya faili kwa mtu wa kuaminika nje ya eneo la mapigano. Hakuna kati ya hizo inayomlisha mwandishi leo.

Rubaya, ndani ya Masisi, hutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na Bisie, ndani ya Walikale, ni kati ya machimbo makubwa ya bati. Madini hayo yamo katika simu zinazosomewa vitabu hivyo. Kampuni za simu na za malipo zinazopata faida katika eneo hili zina uwezo wa kumfungulia mwandishi njia ya kulipwa kwa faranga, hapa hapa. Bila njia hiyo, hadithi za Masisi na Walikale zitaendelea kuchapishwa mbali, kama ilivyokuwa kwa Mwindo.