Mwalimu Aliyetoka Uwanjani

Siku ya tarehe 27 Julai, mwaka 2021, katika uwanja wa Yokohama, mwanamke mmoja wa makamo alifanya jambo ambalo walimu wengi wa michezo wasingethubutu kulifanya. Timu yake ya Japani ilikuwa ikiishinda Marekani kwa mbili bila katika mchezo wa mwisho wa sofboli wa Olimpiki, na zilisalia zamu mbili tu. Mtupa mpira wake, Bibi Yukiko Ueno, alikuwa ndiye nguzo ya timu na fahari ya nchi nzima. Mwalimu akamtoa. Mahali pake akamwingiza Miu Goto, msichana wa miaka 20.

Wamarekani wakapata vituo viwili. Likapigwa pigo kali, mpira ukagonga mkono wa mlinzi wa kituo cha tatu ukaruka, na mwenziwe aliyekuwa nyuma akaudaka kabla haujagusa ardhi, akamtoa na mwingine. Kwa pigo moja wakatoka wawili. Zamu ya saba ilipofika, mwalimu akamrudisha Bibi Ueno uwanjani, maana sheria ya sofboli humruhusu aliyeanza mchezo kutoka na kurudi mara moja. Bibi Ueno, aliyekuwa ametimiza miaka 39 siku tano tu kabla, akaumaliza mchezo, na nishani ya dhahabu ikawa ya Japani.

Mwalimu huyo ni Bibi Reika Utsugi. Twataka kuyaeleza maisha yake kwa wasomaji wetu, kwa sababu yanahusu jambo ambalo sisi hapa twalizungumza kila timu yetu inapofungwa, kisha twalisahau timu inaposhinda: nani apewe timu ya taifa kuifundisha, na hupatikana wapi.

Kwanza, mchezo wenyewe. Sofboli ni ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi, hutupwa kwa mkono wa chini, na uwanja wake ni mdogo. Ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, wakati wa baridi. Kwetu si mgeni kabisa; vijana wa Dar es Salaam wamekwisha anza kuujua, pamoja na besiboli, kwa msaada wa Wajapani. Uwanja wake mdogo huweza kupatikana hata pembeni mwa kiwanda, na ndivyo ilivyokuwa Japani, kama tutakavyoona.

Bibi Utsugi hakuzaliwa Mjapani. Alizaliwa Peking mwaka 1963, jina lake Ren Yanli, akaichezea timu ya taifa ya China. Mwaka 1988 alihamia Japani, na mwaka 1995 akapata uraia wa huko. Akajitwalia ukoo wa mwalimu wake, Bibi Taeko Utsugi. Katika jina lake jipya, Reika, herufi ya kwanza aliitoa katika jina alilopewa na wazazi wake, na ya pili ni ile ile itumiwayo katika jina la China. Basi hata katika kuhama hakufuta alikotoka.

Wapo watakaosema kwamba aliitupa nchi yake. Jambo hili si jepesi, wala sisi hatutalifanya jepesi. Taifa linalomlea mchezaji tangu utoto, likamlisha na kumfundisha, lina haki juu yake, na Wachina waliokasirika hatuwezi kuwaita wajinga. Sheria ya Olimpiki yenyewe humtaka aliyebadili uraia angoje miaka mitatu, isipokuwa nchi yake ya kwanza iridhie. Kwa hiyo sofboli ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta mwaka 1996, yeye hakucheza. Marekani ilichukua dhahabu, China ikawa ya pili, Japani ya nne. Mwanamke wa miaka 33, katika nguvu zake zote, alikaa nje.

Alingoja. Mwaka 2000, Sydney, akiwa na miaka 37, alicheza kama mlinzi wa kituo cha tatu. Japani ilifika mchezo wa mwisho bila kushindwa hata mara moja, na bao lao moja la siku hiyo lilitokana na pigo lake lililovuka uzio. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, na katika zamu ya nane mpira ukamponyoka mlinzi mmoja wa Japani mkononi. Marekani ikashinda kwa mbili kwa moja. Mwaka 2004, Athens, akiwa na miaka 41, alipata nishani ya shaba. Twasema hivi: mtu aliyengoja namna hiyo, akafanya kazi namna hiyo, uraia wake ameulipia kwa jasho, na anayemwita mgeni amwonyeshe kwanza jasho lake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kiwanda. Timu aliyoichezea Bibi Utsugi ilikuwa ni timu ya kampuni ya Hitachi katika mji wa Takasaki. Ligi ya sofboli ya Japani kwa miaka mingi imekuwa ligi ya makampuni, na wachezaji wake wamekuwa waajiriwa. Mchezaji ana jina katika daftari la mshahara. Na akichoka kucheza, hatupwi barabarani. Hapo Takasaki ndipo Bibi Utsugi alipokuwa mwalimu baada ya kuwa mchezaji, na hapo ndipo alipomkuza Bibi Ueno, aliyejiunga mwaka 2001 akiwa kijana mbichi wa shule.

Tusiusifu mpango huu kupita kiasi. Mwenye kampuni ana timu maadamu ana faida. Timu ya Takasaki ilitoka kwa Hitachi ikaenda kwa Renesas, na mwaka 2015 ikahamishiwa Bic Camera, kampuni ya maduka ya vifaa vya umeme. Ilikuwa na bahati kupata mlezi mwingine. Wasomaji wetu wenye umri kama wetu wanazikumbuka Reli ya Morogoro na Sigara ya Dar es Salaam, na wanajua ni nini huipata timu ambayo mlezi wake amebadilishwa na wa pili hakutokea.

Mwaka 2011 Bibi Utsugi alikabidhiwa timu ya taifa. Mwaka uliofuata, katika mji wa Whitehorse, Canada, Japani ilitwaa ubingwa wa dunia ambao haikuwa imeupata tangu 1970, miaka 42. Mwaka 2014 ikautwaa tena Uholanzi. Zote mbili kwa kuishinda Marekani. Lakini mwaka 2018, nyumbani kwao Chiba, Marekani ilishinda fainali kwa saba kwa sita katika zamu ya kumi. Na mwaka 2019 Bibi Ueno alipigwa na mpira usoni, taya likavunjika. Kwetu sisi, twakiri bila haya, mwalimu angekuwa amekwisha fukuzwa, na mtupa mpira amekwisha andikiwa barua ya kuagwa. Wajapani hawakufanya hivyo.

Tena haikuwa bahati ya mtu mmoja. Bibi Taeko Utsugi, aliyeiongoza Japani Sydney na Athens, alikuwa mchezaji kabla ya kuwa mwalimu. Bibi Haruka Saito, aliyeiongoza kupata dhahabu Peking mwaka 2008, wakati Bibi Ueno alipotupa mipira 413 kwa siku mbili, alikuwa amecheza Olimpiki tatu. Kisha akaja Bibi Reika. Wanawake watatu, kila mmoja akitoka uwanjani na kuingia darasani, mmoja akimpokea mwenziwe. Hata Olimpiki ilipoufuta mchezo wao baada ya 2008, ligi ya viwandani iliendelea, na walimu waliendelea. Ndiyo maana sofboli iliporudishwa Tokyo, baada ya miaka kumi na mitatu, timu ilikuwako tayari.

Je, sisi? Netiboli yetu imechezwa na wafanyakazi wanawake tangu zamani, na kila mwaka katika michezo ya Mei Mosi twawaona akina dada wa mashirika wakicheza kwa ufundi ambao hakuna aliyewafundisha kwa utaratibu. Miongoni mwao wamo waliowahi kuivaa jezi ya taifa. Goti likiuma, mtu hurudi kwenye meza yake au mashine yake, na yote aliyoyajua huondoka naye. Kisha viongozi wa michezo hukaa kikao kutafuta mwalimu ng'ambo, kwa mshahara wa fedha za kigeni. Hatumkatai mwalimu mgeni. Bibi Utsugi mwenyewe alizaliwa ng'ambo. Tunachokataa ni kumwita mgeni kabla ya kumwuliza mwenyeji.

Kazi hii haingoji bajeti kubwa. Yako mashirika, viko viwanda, kuna vyama vya wafanyakazi vyenye wanachama waliocheza. Mei Mosi ijayo, kila mwajiri atakayeleta timu ya netiboli na amlete pamoja nayo mwalimu aliyewahi kuichezea nchi yetu, aliyepewa ruhusa ya kutoka kazini saa tisa alasiri kwa ajili ya mazoezi bila kukatwa mshahara. Katika karatasi ya timu, jina lake liandikwe juu kabisa.