Mgeni njoo, lakini mwenyeji wa Nyakach naye apone

Sisi watu wa Pwani tukitaja utalii, akili hukimbilia ufuoni: hoteli, mashua na bichi boi. Safari yangu ya arusini Kendu Bay imenionyesha mlango mwingine. Siku ya pili baada ya walima nilipanda matatu hadi Sondu, soko lililo mpakani mwa Kaunti za Kisumu na Kericho, na kijana wa bodaboda akanipeleka kwenye miteremko ya Nyakach. Nikaikumbuka Marafa yetu, ile Nyari ya Magarini: kuta za udongo zilizochongwa na mvua, tabaka juu ya tabaka.

Mpita njia huona mmomonyoko tu. Mwenye elimu ya miamba huona daftari la hali ya hewa. Mashapo ya Nyakach yana umri wa takriban miaka milioni 15. Udongo uliozikwa zama hizo bado una alama za mizizi, na chokaa iliyojikusanya ndani yake humwambia mtaalamu kama mvua ilikuwa nyingi au haba. Mwaka 2001 watafiti Jonathan Wynn na Gregory Retallack walichapisha matokeo ya kuusoma udongo huo, ambao umehifadhi pia mabaki ya Kenyapithecus na Victoriapithecus, jamaa wa kale wa masokwe na nyani.

Na si Nyakach peke yake. Kisiwani Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Tope lililotolewa chini ya Ziwa Victoria nalo limeonyesha kuwa ziwa hilo liliwahi kukauka, yapata miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita. Kwa mvuvi na mkulima aliyefurikiwa na ziwa hilohilo mwaka 2020, hii si hadithi ya kupitisha wakati. Ni onyo kwamba maji huja na maji huondoka.

Basi tuite watalii? Naam, lakini tutazame kwanza kwa majirani. Ngorongoro-Lengai kule Tanzania ilipewa hadhi ya jiopaki na UNESCO mwaka 2018, ya kwanza kusini mwa Sahara. Mpango wa jiopaki unataka wenyeji wawe mbele. Hata hivyo, tangu 2022 Wamaasai wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na wengi wao wanalia kuwa wanasukumwa. Hadhi ya kimataifa haimlindi mtu ambaye haki yake haikuandikwa mapema.

Kwetu Kenya pengo liko wazi. Katiba ya 2010 imewapa magavana utalii wa mashinani, huku turathi zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki Nairobi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda visukuku visichukuliwe ovyo, na hilo ni jema. Lakini Sheria ya Madini ya 2016 imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Yaani jiwe likivunjwa, mwanakijiji ana fungu lake kisheria. Likiachwa salama litazamwe, fungu hilo halipo. Tunamlipa mtu kwa kubomoa na tunamsahau kwa kuhifadhi.

Kuna na jambo gumu zaidi. Makorongo yanayotufunulia tabaka hizo ndiyo yanayomeza mashamba. Mtalii anapenda ukuta mrefu, mkulima anataka udongo wake. Kwa hivyo kazi ya kwanza isiwe bango wala hoteli. Iwe miti na vizuizi vya maji huko juu, na kuta chache zilizochaguliwa ziachwe wazi kwa masomo na wageni. Tiketi ya mgeni igharimie kazi hiyo.

Pili, kaunti hizi mbili zitunge sheria inayotaja fungu la wanakijiji kwa asilimia, si kwa ahadi za jukwaani. Tatu, waongoza wageni wafunzwe kutoka pande zote mbili. Sondu ilishuhudia mapigano ya mpakani mwaka 2023. Vijana wanaokula kutoka sahani moja huwa wazito kuichoma nyumba ya jirani.

Tumejifunza hapa Pwani, na tumejifunza kwa uchungu, kwamba ufuo waweza kujaa wageni na mwenyeji akabaki nje ya ua akiuza shanga. Ndugu zetu wa ziwani hawana haja ya kulirudia kosa letu.

Nilipomuuliza yule kijana wa bodaboda kama wageni hufika pale, alicheka kidogo. "Huja, mzee. Hupima, hupiga picha, huenda zao. Mvua nayo huja, ikachukua shamba la mama."

Nikamlipa nauli yangu, nikapanda matatu. Ndiyo pesa pekee niliyoiacha Nyakach siku ile.