Mionzi Si ya Aina Moja

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini huku kwetu Lamu kuna neno moja ambalo watu hawaliulizi, hulikimbia tu. Neno lenyewe ni mionzi.

Mwaka jana shangazi yangu alitibiwa saratani kwa mionzi huko Mombasa. Alipovuka kutoka Mokowe, amedhoofu, tulidhani majirani watajaa nyumbani. Wapi! Waliokuja walisimama mlangoni. Mmoja akanong'ona ati, "Yule ana mionzi mwilini, ukila naye sinia moja itakurukia." Basi shangazi akawa ala peke yake chumbani. Nami nakiri, kikombe chake nilikuwa nikikiosha mara mbili.

Hatimaye nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia. Alinieleza kuwa mionzi ya nyuklia hutoka katika kiini cha atomi kisicho tulivu, na iko aina tatu kubwa. Alfa ni chembe nzito yenye protoni mbili na neutroni mbili. Ni kama jahazi lililosheheni boriti: ina nguvu, lakini hukwama upesi. Karatasi yaizuia, hata ngozi. Hatari yake ni ukiivuta kwa pumzi au ukiila. Beta ni elektroni, nyepesi na yenye mbio. Hupita karatasi, lakini bati la alumini la milimita chache huizuia. Gama ni mawimbi kama ya mwanga, ila yana nguvu nyingi mno. Hupenya mwili mzima, na kuipunguza kwataka risasi nene au ukuta mnene wa saruji.

Sasa hebu tupime. Shangazi alipigwa miale ya mashine kutoka nje, miale iliyo jamaa ya gama. Ilipita mwilini ikiua seli za saratani, basi. Mashine ikizimwa imekwisha, kama kurunzi. Hakuna kilichobaki cha kumrukia mtu. Lakini wako wagonjwa wa tezi ya shingoni wanaomeza dawa ya iodini 131, inayotoa beta na gama. Hao huambiwa na daktari wakae mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Mmeona? Neno moja, mambo mawili.

Kuna watakaosema, waache watu waogope, woga hauui. Hapana, jamani! Anayeogopa mionzi yote atakimbia matibabu, na asiyejua kitu atakubali lolote aambiwalo. Wenzetu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa mtambo wa nyuklia. Sisi Lamu tulishinda kesi ya mtambo wa makaa ya mawe mwaka 2019, leseni ikafutwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Siku likitufikia la nyuklia, tuulize: taka zake zatoa mionzi ya aina gani, kiasi gani, na zitafungiwa wapi kwa miaka mingapi?

Maoni yangu ni kuwa somo hili lisingoje kidato cha nne. Chama chetu kiliandike kwa Kiswahili chepesi, likabandikwe zahanati na barazani. Mimi nimeanza kwetu. Ijumaa iliyopita nilibeba sinia la wali, nikala na shangazi ukumbini, mlango wazi, wapitao wakiona.