Mashine Imsikilizayo Mgonjwa Yahitaji Mtu wa Kuisikiliza

Mkazi wa Kimandolu, katika miteremko ya Mlima Meru, huvuta hewa iliyo nyepesi kuliko ile avutayo nduguye wa Tanga. Jiji la Arusha limekaa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa hupungua kwa asilimia 15 hivi. Mwenye afya njema haioni tofauti hiyo. Lakini kwa mgonjwa wa homa ya mapafu aliyezidiwa, kila pumzi ina hesabu yake.

Mwaka 2021 Taifa lilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa shilingi trilioni 1.3, na sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Hatua hiyo yastahili pongezi. Hata hivyo, hapana budi tujiulize: saa nane za usiku, kando ya mashine ya kupumulia, amesimama nani?

Swali hili si la madaktari peke yao. Mashine iliyopangwa kufanya kazi yote humsukumia mgonjwa hewa kwa kipimo chake yenyewe, na mara nyingi hulazimu mgonjwa alazwe kwa dawa ili asishindane nayo. Ile ifuatayo pumzi za mgonjwa hutenda vingine. Mgonjwa anapoanza kuvuta, mgandamizo ndani ya mpira hushuka kidogo, au mkondo wa hewa hubadilika. Kipimo hung'amua badiliko hilo na mashine huleta hewa mara moja. Anapokaribia kutosheka, mkondo hupungua, na mashine humwachia atoe pumzi. Mwaka 1999 wataalamu walieleza njia ya kupima umeme wa kiwambo, yaani msuli utenganishao kifua na tumbo, kwa mpira mwembamba upitao puani, ili mashine iitikie amri itokayo kwenye ubongo wa mgonjwa.

Faida yake si starehe tu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa viwambo vilivyokuwa havifanyi kazi kwa saa 18 hadi 69, kwa kuwa mashine ilifanya kazi yote. Nyuzi za msuli huo zilikuwa zimenywea kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na za watu waliokaa katika mashine kwa saa mbili tatu tu. Siku tatu hazijatimia, na msuli uliomhudumia mtu tangu kuzaliwa umekwisha dhoofu! Ndiyo maana mgonjwa mwenye nguvu kidogo ya kuvuta pumzi yafaa aachiwe aitumie, naye asaidiwe pale anapopungukiwa.

Lakini mashine haijui kupungukiwa kwa mgonjwa isipopangwa vema. Kipimo kikiwa kizito, mgonjwa hujitahidi bure hadi achoke. Kikiwa chepesi mno, hata maji yaliyotuama ndani ya mpira huifanya mashine idhani kwamba mgonjwa amevuta. Uchunguzi uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa 62, karibu robo walikuwa wakipishana sana na mashine zao, na hao ndio waliokawia zaidi kuachana nazo. Hayo yalitokea katika nchi tajiri.

Yafaa tukumbuke pia yaliyotokea Copenhagen mwaka 1952. Katika mlipuko wa ugonjwa wa kupooza, wagonjwa 27 kati ya 31 wa kwanza waliopooza upumuaji walifariki. Daktari Bjørn Ibsen akashauri mgonjwa atobolewe koo na kupewa hewa kwa mfuko wa mpira ubonyezwao kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Mkono wa mwanafunzi ulihisi pumzi ya mgonjwa na kuifuata. Kazi hiyo ndiyo ifanywayo leo na vipimo vya umeme, lakini kazi ya kukesha haijapata mashine ya kuifanya.

Kwa hiyo, kila bajeti inapotaja mashine ya kupumulia, na itaje pia muuguzi aliyefunzwa kuipanga, fundi wa kuitengeneza, vipuri, umeme wa akiba na oksijeni ya kutosha. Fundi huyo hatatoka mbali: Chuo cha Ufundi Arusha kipo hapa hapa mjini, na ufundi wa vifaa tiba ni miongoni mwa masomo yake. Kwa watoto njiti, tusidharau kifaa rahisi kinachopitisha hewa puani na kutoa mapovu majini. Mtoto huvuta pumzi mwenyewe, na kina cha mpira ndani ya maji ndicho kinachoweka mgandamizo wa kuyazuia mapafu yake yasisinyae.

Mwalimu wa sayansi anayo sehemu yake, kwani muuguzi na fundi wa kesho wameketi leo katika darasa lake. Mtumishi wa Serikali anayo yake, kwani ndiye aandikaye makisio. Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa kukosa wa kuiendesha haijamwokoa mtu, hata kama imehesabiwa katika taarifa ya mwaka.