Wafalme wa Ufaransa na Uchina Wasioujua

Wako waandishi wa historia ya sanaa watuambiao, na wasomaji wengi wameridhika kuambiwa hivyo, kwamba mapenzi ya jumba la kifalme la Ufaransa kwa vitu vya Kichina katika karne ya 17 na ya 18 yalikuwa heshima ya taifa moja kwa ustaarabu wa taifa jingine. Maneno ya namna hiyo yalipata nafasi tena mwaka 2014, Ufaransa na Uchina zilipoadhimisha miaka 50 ya uhusiano wa kibalozi na kasri la Versailles likafanya maonyesho ya hazina hizo. Kwamba vitu hivyo ni vizuri, hilo halina ubishi. Ninalolipinga ni neno hilo "heshima", ambalo watu hulitamka bila kulipima.

Na tuanze na jengo. Mwaka 1670 mfalme Louis XIV alimwamuru mjenzi wake, Louis Le Vau, amjengee katika bustani ya Versailles nyumba ya kustarehe pamoja na kimada wake, Madame de Montespan. Nyumba hiyo ikaitwa Trianon ya Kauri. Habari za mnara mashuhuri wa kauri wa Nanjing zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya katika vitabu vya wasafiri, na mfalme naye akataka wa kwake. Lakini kuta zile na mapaa yale hayakuwa ya kauri hata kidogo. Yalikuwa vigae vya udongo wa kawaida vilivyopakwa rangi nyeupe na ya buluu, visivyoweza kuvumilia baridi ya Ufaransa, na umbo la nyumba lilikuwa la Kifaransa tangu msingi hata kipaa. Mwaka 1687 ikabomolewa, ikajengwa nyingine ya marumaru. Miaka 17 tu! Uchina ulikuwa vazi, nalo lilipochakaa likavuliwa.

Baadaye, katika karne ya 18, biashara ya vitu hivyo mjini Paris ilikuwa mikononi mwa wachuuzi wa anasa, akina Gersaint, Lazare Duvaux na wenzao. Mara nyingi hawa hawakuuza chombo kama kilivyoshuka melini. Chungu kilichofinyangwa Jingdezhen kilifungwa miguu, masikio na mdomo wa shaba iliyopakwa dhahabu. Pengine shingo yake ilikatwa, kikageuzwa kitu ambacho hakuna Mchina angalikitambua. Laka ndiyo iliyopata mabaya zaidi. Laka ni utomvu wa mti upakwao juu ya mbao tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likingojewa likauke, hata kazi moja ikala miezi mingi. Viambaza vya kukunja vilivyopakwa laka vilipofika Paris vilipasuliwa kwa msumeno, mbao ya nyuma ikarandwa mpaka ikabaki ngozi nyembamba yenye picha, na ngozi hiyo ikapindwa na kugandishwa juu ya tumbo la almari ya Kifaransa. Almari moja ya namna hiyo, kazi ya fundi Bernard van Risenburgh, ilipelekwa Fontainebleau mwaka 1737 kwa ajili ya malkia Marie Leszczynska. Na laka yake wala si ya Kichina. Ni ya Kijapani. Kwa mnunuzi yote yalikuwa mamoja, Uchina, Ujapani na Bara Hindi. Hata kauri ya Kichina iliitwa kwa jina la Kampuni ya Uhindi iliyoileta.

Mtu aweza kunijibu kwamba wajenzi wa pwani yetu nao, karne kadhaa kabla ya Louis XIV kuzaliwa, walipachika mabakuli ya Kichina katika kuta na makaburi, kama ya Mambrui. Ni kweli. Lakini bakuli lilibaki bakuli, likimtazama mpita njia kwa uso wake wenyewe, na mwenye kaburi hakudai kwamba ameuelewa Uchina.

Madai hayo yalitolewa Ufaransa, tena kwa rangi na nyuzi. Mwaka 1742 mchoraji François Boucher alionyesha Paris michoro yake ya Kichina, iliyokusudiwa kufumwa mazulia ya ukutani katika karakana ya Beauvais. Boucher hakupata kukanyaga Uchina. Watu wake ni mabibi na mabwana wa Paris waliovishwa kofia za ncha na kushikishwa miavuli. Hawalimi, hawasomi, hawatozi kodi; wanakunywa chai na kuvua samaki tu. Nchi yenye mitihani ya kuwachagua watumishi wa dola na yenye maelfu ya vitabu iligeuzwa bustani ya mchezo.

Tazama sasa upande wa pili. Louis XIV alituma mapadre Wajesuiti wenye elimu ya hesabu mwaka 1685, na watano kati yao wakafika Beijing mwaka 1688. Kaizari Kangxi alipotaka kuijua jometri ya Ulaya, hakununua bikari akazitundika ukutani. Aliwataka Bouvet na Gerbillon wajifunze kwanza lugha ya Kimanchu, kisha wakae mbele yake wamfundishe kwa lugha hiyo, naye akafanya hesabu kwa mkono wake. Huko ndiko kuheshimu elimu ya mgeni. Hata siri ya kauri yenyewe Ufaransa iliipata kwa njia hiyo hiyo. Padre d'Entrecolles, aliyejua Kichina, ndiye aliyeandika kutoka Jiangxi, mwaka 1712 na tena 1722, namna udongo unavyochanganywa na jinsi chombo kimoja kinavyopita mikononi mwa watu yapata sabini. Alijulishwa na waumini wake waliofanya kazi katika matanuri. Mnamo mwaka 1768 udongo kama huo ukapatikana Saint-Yrieix, karibu na Limoges. Wanunuzi wa Versailles walikuwa wameishika kauri kwa karibu miaka mia bila kujua imetengenezwa kwa nini.

Bouvet aliporudi Ufaransa mwaka 1697 alileta vitabu vya Kichina, zawadi ya Kangxi kwa mfalme. Nani wa kuvisoma? Na hapa, walimu wenzangu wa lugha, naomba tusimame kidogo. Paris ilimpata mtu mmoja, Arcade Huang, kijana wa Fujian aliyefika na askofu Artus de Lionne. Alipewa kazi ya kuorodhesha vitabu hivyo katika maktaba ya mfalme na kutunga sarufi na kamusi ya Kichina. Akaoa mwanamke wa Paris mwaka 1713. Montesquieu kijana alikwenda kuzungumza naye na kuyaandika aliyoyasikia. Katika mji ambao chombo kimoja cha Kichina chenye miguu ya dhahabu kiliuzwa kwa mali nyingi, Mchina aliyeweza kuufasiri Uchina aliishi katika dhiki. Mkewe alimtangulia kufa. Yeye alifariki mwaka 1716, hajatimiza miaka 40, na kamusi haijakamilika.

Karatasi zake zilichukuliwa na msaidizi wake, Étienne Fourmont, ambaye mwaka 1742, mwaka ule ule wa michoro ya Boucher, alichapisha sarufi ya Kichina kwa jina lake, na wataalamu wa baadaye wamemtuhumu kujitwalia kazi za wengine. Kiti cha kufundisha Kichina katika Collège de France hakikuwekwa mpaka mwaka 1814. Kamusi ilipigwa chapa Paris mwaka 1813, kwa amri ya Napoleon, miaka 97 baada ya kifo cha Huang. Kiini chake ni kazi ya padre Mwitalia, Basilio Brollo, aliyefia Uchina mwaka 1704. Jina lililowekwa juu ya kitabu ni la Mfaransa, de Guignes.