QUIC kuingia kwenye kerneli ya Linux: Anayenufaika ni wewe au seva?

Kuna mjadala unaendelea kati ya wajenzi wa Linux. Wengi wetu hatuusikii, lakini unaigusa simu uliyoshika sasa hivi. Swali lenyewe: je, QUIC, itifaki mpya ya kusafirisha data mtandaoni, iwekwe ndani ya kerneli?

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Ndiyo inayosimamia kumbukumbu, betri, kamera na mtandao. Simu za Android zote zinatumia kerneli ya Linux, na humo ndimo inamokaa TCP, itifaki ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1981. Apu inasema tu "tuma hiki", kerneli inamalizia kazi.

Tatizo ni apdeti

Kerneli haibadilishwi kirahisi kama apu. Mtengenezaji wa simu ndiye anayekuletea apdeti yake. Akiacha, umekwama na uliyonayo.

Chukua mfano wa Multipath TCP, inayowezesha simu kutumia Wi-Fi na bando kwa pamoja. IETF, chombo kinachoandaa viwango vya intaneti, kilitoa toleo la majaribio Januari 2013. Apple, ambayo simu ni yake na mfumo ni wake, iliiweka kwenye Siri mwaka huohuo. Kerneli rasmi ya Linux ilianza kuipokea katika toleo la 5.6, Machi 2020. Hiyo ni miaka saba.

Google ikapita mlango wa uani

Ilipoanza kujenga QUIC mwaka 2012, Google haikusubiri kerneli ya mtu. Iliiweka ndani ya apu, juu ya UDP, itifaki nyepesi ambayo kila simu tayari inayo. Ukisasisha Chrome, umepata QUIC mpya, hata kama simu yako mtengenezaji alishaisahau. IETF iliipitisha rasmi kuwa kiwango Mei 2021.

Faida zake unaziona bila kujua. Kwa TCP, simu na seva hupigiana hodi kwanza, kisha ndipo zinapatana jinsi ya kuficha mazungumzo yao. QUIC hufanya yote mawili kwa mkupuo mmoja. Na ukitoka nyumbani, Wi-Fi ikakatika na simu ikahamia kwenye bando, muunganisho unaweza kuendelea bila kuanza upya, kwa sababu unatambuliwa kwa namba yake, si kwa anwani ya mtandao uliopo.

Sasa kwa nini irudishwe ndani?

Sababu kubwa ni gharama. QUIC ikikaa kwenye apu, data lazima zivuke mpaka kati ya apu na kerneli mara nyingi, na kila kuvuka kunakula nguvu ya prosesa. Kwa simu moja si kitu. Kwa seva inayohudumia maelfu ya watu, ni bili ya umeme. Pia kuna kazi zinazofanyika ndani ya kerneli yenyewe, kama kushirikishana mafaili ofisini, nazo zinaitaka QUIC. Windows tayari inafanya hivyo.

Katikati ya 2025, viraka vya kuiingiza QUIC kwenye Linux viliwasilishwa ili vipitiwe. Lakini vipimo vya wajenzi wenyewe vilionyesha bado inaachwa nyuma na TCP kwa kasi. Si ajabu: kerneli na kadi za mtandao zimenolewa kwa ajili ya TCP kwa miongo kadhaa.

Hatari yake

Kosa kwenye apu linaangusha apu. Kosa kwenye kerneli linaweza kuangusha mashine nzima. Mwaka 2019, Netflix ilifichua kasoro katika namna Linux inavyotekeleza SACK, nyongeza ya TCP ya mwaka 1996. Mtu aliye mbali angeweza kuizima mashine kwa kuitumia pakiti zilizopangwa kwa ujanja. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo miaka kumi.

Kwa hiyo hesabu iko hivi: QUIC ya kwenye kerneli itawafaa kwanza wenye seva, ambao wanaweza kuweka kiraka siku hiyohiyo. Mwenye simu ya zamani hapotezi kitu mradi apu ziendelee kubeba QUIC yao wenyewe. Siku zikiamua kuitegemea ya kerneli pekee, kasi na usalama wako vitarudi mikononi mwa mtengenezaji wa simu.

Unataka kujua umesimama wapi? Ingia kwenye mipangilio, fungua "Kuhusu simu", kisha tazama toleo la kerneli na tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka miwili iliyopita, basi apu unazosasisha ndizo zinazokubeba.