Kabla ya kuizika diski

Na Salma Mbwambo

Jirani yangu mwalimu alinijia Jumamosi na kompyuta ya mezani, ya mtumba, inayotumia Linux. Ilikuwa ikiganda kila anapohifadhi alama za wanafunzi. Fundi alishamwambia diski imekufa, anunue nyingine.

Niliiwasha, nikaandika dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za keneli. Mistari ikamiminika: mawasiliano na diski yamekatika, yameanzishwa upya, yamekatika tena. Mwishowe keneli ikashusha mwendo hadi gigabiti 1.5 kwa sekunde, ilhali mashine ile inamudu 6. Nikafungua smartctl, ambayo husoma hesabu diski inazojiwekea yenyewe. Namba 5, sekta zilizohamishwa: sifuri. Namba 197, sekta zinazosubiri: sifuri. Lakini 199, inayohesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kidhibiti chake, ilisoma 412. Nikanakili faili moja kubwa, ikafika 431.

Diski ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa waya wa SATA. Nilipoubadilisha, namba ile ilisimama palepale. Haishuki kamwe, lakini haijaongezeka hata moja.

Si kila mara kosa ni la waya. Wengi hukwama wanapoweka Linux kwa sababu diski haionekani kabisa, kumbe kwenye BIOS kidhibiti kimewekwa RAID au RST ya Intel badala ya AHCI. Hapo kuna tahadhari: kama Windows imo, iandae kwanza, la sivyo ukibadilisha inaweza kugoma kuwaka. Na zipo diski nzima ambazo hazielewani na amri fulani. Mwaka 2015 keneli iliziorodhesha Samsung 840 na 850 ili zisipelekewe amri ya TRIM kwa foleni.

Kinachoniuma ni kwamba hukumu ya fundi ingemgharimu mwalimu fedha za diski mpya, na ile ya zamani ingetupwa na kazi za miaka ndani yake. Halafu diski mpya ingefungwa kwenye waya uleule.

Mafundi, nawaomba: kabla ya kutamka kwamba diski imekufa, mwonyesheni mteja namba 5, 197 na 199. Nawe mwenye mashine, ukiambiwa ununue nyingine, omba kuziona.